Shoka la Mpishi wa Ravemont

Kila kijana aliyefanywa mpanda farasi katika ngome ya Ravemont alipita kwanza mbele ya shoka la Gobert, ndipo akaketi kula. Ndiyo desturi waliyoikuta. Kijana akishaogeshwa, akishakesha kanisani na nguo nyeupe, akishafungwa vikwaru vya dhahabu visiginoni na kupigwa lile kofi la shingo linalomgeuza kuwa mtu mwingine, alitoka uwanjani pua juu. Pale kwenye mlango wa jiko alimkuta Gobert, mpishi mkuu, amesimama na aproni yake, shoka la nyama begani. Mpishi alimwambia kwa sauti ya kusikika na wote: "Mheshimiwa, siku ukivunja kiapo chako, ni mimi nitakayekuja kuvikata vikwaru hivyo miguuni mwako." Watu wakacheka, kijana akamtupia mpishi glavu zake awe nazo, wakaenda kula.

Gobert alikuwa ameyasema maneno hayo mara thelathini na nne, na glavu zote alikuwa nazo kwenye sanduku. Hakuwahi kukata kikwaru hata kimoja. Vikwaru vyenyewe ni vyuma vya kumchokoa farasi, vina ncha kama vya jogoo, lakini katika nchi ile ya Pikardia mtu mwenye vya dhahabu na mtu asiye navyo hawakuwa viumbe wa aina moja.

Babu yake Gobert, aliyepika katika jiko hilohilo enzi kuta za ngome zilipokuwa za miti, alikuwa akisema kwamba mwanzoni hapakuwa na kiapo wala mkesha. Mpanda farasi alikuwa mtu yeyote mwenye farasi, fulana ya chuma na roho ngumu, aliyelishwa na bwana ili akawapige watu wa bwana mwingine. Na siku ambazo hakuwa na wa kumpiga, aliwapiga wakulima. Mapadri ndio waliokuja baadaye na kiapo cha kumlinda mjane na mtu asiye na silaha, wakitumaini labda hao mabwana wataona haya. Wengi walikiapa kiapo wakaendelea na mambo yao. Wachache waliona haya kweli. Oudart wa Brey alikuwa mmoja wa hao wachache, na ndicho kilichomponza.

Oudart hakuzaliwa kwenye mali. Alikuja Ravemont akawa mbeba ngao wa Bwana Anselin, akaibeba ile ngao miaka tisa, ilhali watoto wa wakubwa waliibeba minne tu wakapewa vikwaru vyao. Alipofika zamu yake mlangoni pa jiko, glavu alizomtupia Gobert zilikuwa zimetiwa viraka. Wenzake waliota kuwa wenye bendera, yaani wakubwa wanaokwenda vitani na kikosi chao wenyewe. Oudart akapewa mnara wa Brey, jiwe tupu lililosimama kwenye kivuko cha mto, akaambiwa aulinde yeye na watu wa kijiji.

Jumatatu moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, Bwana Anselin aliingia jikoni mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata mkewe alipojifungua. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Hakuwahi kumfokea mpishi wake, na Gobert alijisifia hilo mbele ya wapishi wa ngome nyingine. Alichukua kipande cha soseji kwenye sahani, akatafuna.

"Gobert, shoka lako linakata?"

"Nyama linakata, bwana wangu."

"Na chuma?"

Gobert alifikiri ni utani, akaanza kucheka. Kisha akauona uso wa bwana wake, akaacha.

"Ijumaa tunamvua Oudart," alisema Bwana Anselin. "Mnara umechukuliwa na watu wa ng'ambo ya mto, na mtawala wa jimbo anataka kujua nani kaupoteza. Amemleta mpiga mbiu wake, yule mzee Renier, aje asikie jibu. Jana wapanda farasi kumi na wawili wamekaa, wamekubaliana."

"Wamekubaliana nini, bwana wangu?"

"Kwamba alikuwa na chakula cha miezi mitatu, akafungua lango kwa woga." Bwana Anselin alipangusa vidole kwenye kitambaa cha meza. "Mikokoteni sita ya mkate na nyama ya chumvi. Wewe mwenyewe uliipakia."

"Niliipakia, bwana wangu."

"Basi." Akachukua soseji nyingine, akatoka.

Kuipakia aliipakia. Hakuna aliyemuuliza nani aliipakua. Ilikuwa hivi: mkate wa mnara ulikuwa tayari, ule wa kuoka mara mbili, mgumu, wa kukaa miezi. Mikokoteni ilikuwa imeshafungwa kamba uwanjani. Lakini wiki hiyohiyo Thierri, mtoto wa kwanza wa Bwana Anselin, alikuwa anafanywa mpanda farasi, na wageni walikuja mara mbili ya walioalikwa. Siku ya tatu ya karamu unga ukaisha. Bwana Anselin akamwambia Gobert, kwa upole wake uleule, "Tushushie ule wa mnara. Wao tutawapelekea wiki ijayo." Gobert akaushusha kwa mikono yake. Wale wapanda farasi kumi na wawili waliula wakiuchovya kwenye divai, na mmoja wao akauliza kwa kelele kama mpishi amewapikia matofali ya ngome, meza nzima ikacheka. Wiki iliyofuata watu wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kaa barabarani, na barabara ya Brey ilikuwa moja tu.

Siku arobaini na moja mnara ulizingirwa. Ndani mlikuwa na watu tisini, na mmoja wao alikuwa Hersent, binti pekee wa Gobert, aliyeolewa Brey.

Hersent alikuwa amerudi kwa baba yake tangu lango lifunguliwe. Mumewe alikufa ukutani siku za mwanzo. Mtoto wake, Perrin, alikufa kwa njaa siku mbili kabla Oudart hajateremka mwenyewe kufungua lango na kuwaambia watu wa ng'ambo wamchukue yeye, wawaache wengine wapite. Watu wa ng'ambo waliwaacha wote wapite, hata yeye. Walimwambia, huku wakicheka, kwamba bwana wake atamlipa vizuri zaidi kuliko wao. Sasa Hersent alilala kwenye chumba cha juu ya tanuri, mashavu yamebonyea, na kila alipopewa mkate alificha nusu yake chini ya godoro.

Jumanne jioni alimkuta baba yake akinoa shoka.

"Ni kweli wewe ndiye utakayemkata?"

"Ndiyo desturi, mwanangu. Sikuitunga mimi."

"Huyo mtu ndiye aliyenitoa mle ndani, baba. Mimi na wenzangu sabini. Bwana alisema chakula kinakuja, tukangoja chakula. Kila asubuhi Mheshimiwa Oudart alipanda juu kutazama barabara. Sasa wanasema kilifika?"

Gobert aliliweka shoka chini. Siku zote hizo alikuwa hajamwambia, na sasa yalimtoka yote kwa mpigo: mikokoteni, karamu, unga kuisha, namna alivyoubeba ule mkate kurudi ndani, kapu kwa kapu. Alisema akitazama sakafu. Alipomaliza, binti yake aliyafunika makaa kwa majivu.

"Ulikuwa mgumu?" Hersent aliuliza.

"Nini?"

"Huo mkate."

"Uliokwa mara mbili. Mgumu, ndiyo."

"Perrin alikuwa anaota meno," alisema Hersent. "Alikuwa anatafuta kitu cha kutafuna. Nilimpa mkanda wa baba yake."

Gobert alilia. Hersent hakulia, alimngoja amalize, kama anavyongojwa mtu anayekohoa.

"Basi utasema," alisema. "Ijumaa mpiga mbiu atakuwepo. Utamwambia."

"Nitamwambia nini, mwanangu? Mimi mpishi. Hii ni kesi ya wenye vikwaru, na ushahidi juu ya mwenye vikwaru hutolewa na mwenye vikwaru mwenzake. Sheria yao hiyo. Oudart mwenyewe hawezi kumkana bwana aliyemvisha. Sasa mimi? Nikifungua mdomo hawatanisikia, au watanisikia kama wanavyomsikia ng'ombe. Kisha watanikata."

"Na ungekuwa na vikwaru?"

"Ningekuwa na vikwaru ningesema kanisani, ningesema uwanjani, ningesema mbele ya mfalme!" Alijipiga kifua. Alikuwa anaamini kabisa anachokisema, na kulisema kulimpa nafuu. "Shida si moyo, Hersent. Shida ni vikwaru."

Hersent alimtazama sana. Kisha akapanda ngazi kwenda kulala.

Alhamisi mchana Gobert alimpelekea mfungwa uji wa njegere wenye nyama ya chumvi. Walinzi walimwacha apite, maana hakuna anayemshuku mpishi. Oudart alikuwa amekaa kwenye majani, mifupa na ndevu, vikwaru vya dhahabu vikiwa bado miguuni. Viliachwa makusudi, ili siku ya kuvuliwa kuwe na cha kuvua.

"Mzee Gobert," alisema Oudart akionja, "chumvi yako bado ile ile ya kuua samaki."

"Kula, Mheshimiwa. Kula polepole, tumbo lako limesahau."

"Shoka umelinoa?"

"Nimelinoa."

"Vizuri. Sipendi kuchanwa kisigino." Alikula vijiko viwili, akapumzika. "Hersent alikuja kwenye kile kidirisha leo asubuhi. Ameniambia habari ya mkate. Miezi miwili najiuliza kama ulizama mtoni, kama waendesha mikokoteni waliuawa. Kumbe uliliwa." Alitikisa kichwa, karibu acheke. "Ameniambia pia kwamba ungekuwa na vikwaru, ungesema."

Gobert aliinua mkono wa kulia. "Naapa kwa Mtakatifu Martin, Mheshimiwa. Kama sheria ingeniruhusu!"

"Unaapa?"

"Naapa."

Oudart alikomba bakuli mpaka likawa jeupe. "Unajua nani alimfanya baba yangu kuwa mpanda farasi? Si bwana yeyote. Ni mwenzake mmoja aliyekuwa anakufa ndani ya mtaro, akampiga kofi la shingo kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukuwepo tena. Bila kuoga, bila kukesha, bila padri. Na wapiga mbiu wote waliandika kuwa ni halali. Mpanda farasi yeyote aweza kumfanya mtu yeyote, mahali popote, maadamu vikwaru vyake mwenyewe vingali miguuni." Akamrudishia bakuli. "Kesho utapiga magoti mbele yangu. Kikwaru hakikatiki mkataji akiwa amesimama."

Gobert alidhani anaongea juu ya shoka. Alimwambia asiwe na wasiwasi, mkono wake haujaanza kutetemeka.

Ijumaa uwanja ulijaa tangu asubuhi. Watu wa Brey walikuja kwa miguu, wamesimama mbele, Hersent kati yao. Wapanda farasi kumi na wawili walipangwa kwenye benchi upande mmoja, mwenye bendera mmoja katikati yao, na Thierri mwisho kabisa kwa kuwa ndiye mdogo wao. Bwana Anselin alikaa kwenye kiti chenye mto. Jukwaani alisimama Renier, mpiga mbiu wa mtawala, mzee mkavu aliyejua kila ngao ya nchi ile na kila sheria yake, na ambaye watu walisema hajawahi kupokea zawadi.

Walimpandisha Oudart akiwa amevishwa zana zake zote, mikono imefungwa kamba kwa mbele. Ngao yake iliburutwa matopeni ikiwa imefungwa mkiani mwa punda, kisha ikatundikwa juu chini. Mapadri waliimba zaburi za wafu, na kila walipofika mwisho wa zaburi moja kitu kimoja kilivuliwa. Kofia ya chuma ikavunjwa kwa nyundo. Mkanda ukakatwa. Upanga ukavunjwa juu ya goti la mtumishi. Oudart alisimama kama mtu anayepimwa nguo. Mapadri wakanyamaza, Renier akapaza sauti:

"Mpishi wa Ravemont! Tekeleza neno lako!"

Gobert alipanda. Waliweka gogo la jikoni kwenye jukwaa, lile lile alilokatia nguruwe, na mguu wa kushoto wa Oudart ukawekwa juu yake. Gobert akapiga magoti.

Hapo ndipo Oudart alipoinama. Mikono yake miwili iliyofungwa ilishuka kwenye shingo ya Gobert, kofi lenye uzito lakini lisilouma, na sauti yake ikasikika mpaka ukutani:

"Kwa jina la Mungu na la Mtakatifu Martin, nakufanya mpanda farasi. Inuka, Mheshimiwa Gobert, useme unalolijua."

Uwanja wote ulitulia. Punda tu ndiye aliyekuwa anatikisa masikio. Gobert aliona kama lango limefunguliwa mbele yake, pana, hakuna wa kumzuia, naye akabaki magotini. Kisingizio chake chote kilikuwa kimeondolewa kwa kofi moja. Mpiga mbiu alikuwa ameinua kichwa, anangoja. Wale kumi na wawili walikuwa wanamtazama yeye, mpishi, kama watu wanaotazama mlango ambao hawajui atatoka nani.

"Kuna nini, Gobert?" aliuliza Bwana Anselin kutoka kitini.

Aliuliza kwa upole, namna ileile ambayo kwa miaka thelathini alikuwa ameuliza kutoka mezani kama mchuzi umeungua. Na mdomo wa Gobert, kabla mwenyewe hajaupa ruhusa, ukajibu namna ileile uliyojibu miaka thelathini:

"Si kitu, bwana wangu. Ameteleza."

Watu walicheka, wale wa nyuma, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Gobert alicheka nao kidogo. Akainua shoka akalishusha. Kikwaru cha kushoto kiliruka, kikagonga mbao, kikaanguka chini ya jukwaa.

Alipoinua macho alimtafuta binti yake. Hersent alikuwa amejifunika shali kichwani na anatoka, anapasua katikati ya watu bila kusukuma, na watu wa Brey walikuwa wanampisha. Hakugeuka hata mara moja. Gobert alimtazama mpaka shali ile ikapotea kwenye upinde wa lango.

Alisimama. "Mkate haukwenda!" alipiga kelele. "Niliupakia nikaupakua! Uliliwa hapa, kwenye karamu ya Thierri! Hawa wote waliula! Mheshimiwa Oudart hakupata hata kombo moja!"

Bwana Anselin hakusogea. Alimtazama tu, kwa huzuni, kama anayemtazama mbwa wake mzee aliyeanza kung'ata. Renier alikuja mpaka ukingoni mwa jukwaa.

"Nani anasema?"

"Gobert." Akajirekebisha. "Mheshimiwa Gobert. Mpanda farasi."

"Nani amekufanya?"

"Huyu hapa. Kabla sijamkata. Vyote viwili vilikuwa miguuni."

Renier hakucheka. Alilifikiria lile jambo kwa haki yake yote, na kwa muda mfupi Gobert alitumaini.

"Kama kofi lilitangulia shoka, ni halali," alisema mzee. "Lakini mimi nilikuwa nimesimama hapa. Wewe uliulizwa kuna nini, mbele yangu na mbele ya watu wote. Ukasema ameteleza."

"Niliogopa, mzee wangu."

"Uliogopa au hukuogopa, umelisema. Kama ulikuwa mpanda farasi wakati ule, basi neno lako ni ushahidi, na umeshuhudia kwamba hakukufanya, aliteleza tu. Kama hukuwa, huna ushahidi wowote wa kutoa hapa." Aligeukia benchi. "Anaweza kusimamiwa na wengine. Waheshimiwa! Yuko aliyeona kofi na kusikia maneno, akaona kuwa si kuteleza?"

Mwenye bendera alikuwa anatazama buti zake. Aliyewahi kuuliza habari za matofali alikuwa anatazama mawingu. Watu kumi na wawili waliokesha kanisani na kuapa kumlinda mjane na asiye na silaha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na macho asubuhi ile. Mwisho wa benchi Thierri alifungua mdomo. Vikwaru vyake vilikuwa bado vinang'aa. Baba yake aligeuza kichwa kidogo tu, akamtazama.

"Mimi jua lilikuwa machoni," alisema Thierri.

Siku hiyo hapakuwa na jua.

"Basi," alisema Renier, na ilionekana kwamba hakufurahi. "Mpishi, maliza kazi yako."

Gobert alimgeukia Oudart. Alikuwa bado amesimama mguu mmoja juu ya gogo. Alimtazama Gobert bila hasira, na Gobert alikuja kusema baadaye kwamba hasira ingekuwa rahisi kuivumilia.

"Maliza, mzee," alisema Oudart. "Wewe una mkono mzuri. Wasimlete mchinjaji."

Gobert aliliachia shoka. Walimleta mchinjaji, naye alikata kikwaru cha kulia kwa pigo la tatu, pamoja na nyama. Kisha walimlaza Oudart kwenye ubao kama maiti, wakamfunika shuka jeusi, wakamwingiza kanisani, wakamwimbia misa yote ya wafu huku damu ya kisigino ikidondoka sakafuni na yeye akisikia kila neno. Walipomaliza walimtoa nyuma ya kanisa wakamkata kichwa. Ravemont walikula chakula cha mchana kwa wakati wake.

Mtu asiye na vikwaru anayejiita mwenye navyo, sheria ilijua la kumfanya. Bwana Anselin aliomba Gobert apunguziwe adhabu, na akapunguziwa: wakaacha ulimi, wakachukua mkono wa kulia tu, kwenye gogo lilelile na kwa shoka lilelile alilolinoa. Alitolewa langoni na sanduku lake la glavu, jozi thelathini na nne.

Alikwenda Brey, maana Hersent alikuwa amerudi huko, naye hakuwa na pengine pa kwenda. Hersent alimpokea. Alimuuguza kile kigutu mpaka kikapona, akampa kitanda kilichokuwa cha mumewe. Lakini watu wa Brey walikuwa wamesimama mbele kabisa siku ile na walisikia kila kitu, na hawakuwa watu wa kusamehe upesi. Akipita kisimani wanawake waliinamisha vichwa kwa adabu kubwa. "Shikamoo, Mheshimiwa Ameteleza." Walevi walimpisha njiani: "Mpisheni Mheshimiwa Ameteleza, farasi wake yuko nyuma." Jina hilo lilimganda, na waliokuja kukaa Brey baadaye walidhani ndilo jina la ukoo wake.

Hersent hakumwita hivyo hata siku moja. Alioka mkate mwenyewe, na kila asubuhi alimkatia, kwa sababu kwa kushoto peke yake Gobert hakuweza kuushika na kuukata. Walikula bila maneno mengi.

Mwaka wa pili, sikukuu ya Mtakatifu Martin ilipofika, Gobert hakuweza tena kukaa nalo moyoni.

"Nilisema, mwanangu," alimwambia. "Mwishoni nilisema. Nilisema yote, mbele ya mpiga mbiu, mbele yao wote. Uliza mtu yeyote."

Hersent aliendelea kukata mkate, kipande kwa kipande, vyembamba, vya mtu asiye na meno mengi.

"Nilikuwa nimeshatoka nje ya lango, baba," alisema. "Sikusikia."

Akamsogezea sahani.